Kahawa ya Sakafuni

Msimu wa kahawa ulipofika Mbozi, meneja wa ghala la ushirika alipima mwenyewe, kwa mikono laini yenye harufu ya sabuni. Alimimina kwa fujo huku akiwatania wakulima, na punje zikatapakaa chini. Kwa desturi, za sakafuni zilikuwa zake. Jioni alizifagia polepole, akiimba tenzi za kanisani.

Siku moja bibi Enesi alitandika khanga yake chini ya mizani.

"Mimina tu, mwanangu. Leo nimeivisha sakafu nguo."

Wakulima waliangua kicheko. Meneja alimimina taratibu, na haikudondoka hata punje moja. Kicheko kikakatika. Bibi alipokunja khanga yake tupu, meneja alikuwa ameficha mikono mifukoni.