Neno la Daktari Nililolilainisha

Makosa ni yangu. Nalisema mwanzo kabisa ndiyo mtu asinihurumie kabla hajasikia. Kama kuna jiwe la kurusha, lishike tu kwanza, unisikize.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwa shule moja ya upili hapa Kisumu. Kazi yangu ni maneno. Huwa naandika neno moja ubaoni, halafu tunalitafutia ndugu zake: "sick", "ill", "unwell", "weak". Huwa naambia wanafunzi kwamba maneno ni kama watoto wa boma moja. Sura zinafanana, lakini huwezi kutuma mmoja akafanye kazi ya mwingine. Wananipigia makofi, na mimi najiona mtu wa maana. Shenzi kabisa!

Nyumbani kwetu ni Seme, upande wa Kombewa, karibu na ziwa. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa. Nitamwita Omondi, ingawa si jina lake. Ana duka la spea za pikipiki Bondo.

Omondi na Baba walikosana juu ya nyumba. Kwetu mwanaume hatoki tu akaenda kujenga boma lake vile anataka. Baba yake ndiye humtoa. Wanaenda pamoja alfajiri na jogoo na shoka, na baba anamwonyesha mahali nyumba itasimama. Omondi alinunua ploti Bondo, akainua kuta, akapiga mabati, Baba akasikia habari hiyo kwa watu sokoni. Woi! Mzee alisimama katikati ya boma, sisi sote tukiwa hapo, akasema siku akifa mkono wa Omondi usiguse udongo wa kaburi lake.

Maneno kama hayo kwetu si mchezo. Mzee akiyasema, mzee mwenyewe ndiye huyaondoa, mdomo kwa mdomo. Akienda nayo kaburini, yamebaki.

Omondi hakurudi nyumbani tena. Mimi ndiye nilibaki na Baba. Nilimnunulia dawa, nikamwosha miguu ilipovimba, nikamchambulia samaki miiba kama mtoto. Na aki ya Mungu nilifanya kwa upendo. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya huo upendo, nanyi mtakiona sasa hivi.

Alipozidiwa tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, si mtu wa kwetu, Kijaluo hajui. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na chupa yake ya uji, kwa hivyo daktari akanivuta kando kwenye korido, akaniambia kwa sauti ya chini.

"Your father is critical. Kama kuna mtu anafaa kumwona, akuje leo."

Hakuna mahali pa kujificha kwa hayo maneno. Nilielewa kila kitu, kazi yangu ni kuelewa.

Mama akaniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia Baba amechoka, anataka kupumzika, yeye aende nyumbani alale. Akaamini, kwani nani atabishana na mwalimu? Akaniachia uji, akaenda.

Nikarudi kwa kitanda. Baba alifungua macho, akanishika mkono. Alikuwa mwepesi sana, vidole vimekauka. Akaniambia kwa Kijaluo, polepole, maneno ambayo leo yananila: nimwite Omondi, akuje ili yeye Baba mwenyewe amwondolee yale maneno, hataki kulala nayo.

Jamani, ningefurahi! Mtu yeyote mwenye roho angefurahi. Mimi nilihisi uchungu hapa kifuani. Nimemwosha huyu mzee miezi yote hii, na mwisho wa safari anamtaka yule aliyemdharau. Omondi angeingia tu mlangoni, Baba angelia, na hao wawili wangeshikana huku mimi nimesimama kando na beseni. Niliona picha hiyo yote. Nikaikataa.

Lakini nilipiga simu. Nilipiga ndiyo kesho mtu asiniulize mbona sikupiga.

Omondi akauliza hali. Nikasema si nzuri sana. Halafu akauliza swali ambalo sitalisahau.

"Daktari ametumia neno gani?"

"Amesema ako weak," nikamwambia.

"Weak ya malaria ama weak ya kufa?"

"Weak ya uzee, Omondi. Maliza kazi yako, ukuje Jumamosi."

Akashukuru. Kwamba alinishukuru ndiyo kitu kinaniua zaidi. Akasema afadhali niko pale, maana mimi naelewa lugha za madaktari.

Juu ya yale Baba aliniagiza, sikusema hata nusu.

Jioni hiyo Baba alikuwa anaangalia mlango. Kila viatu vikisikika kwenye korido, anauliza, "Osechopo?" Amefika? Nami nasema yuko njiani. Muuguzi akiingia, "Osechopo?" Mtu wa kufagia akiingia, "Osechopo?" Yuko njiani, Baba. Na Omondi ako Bondo anafunga duka lake, hajui hata kama kuna njia ya kuanza.

Mwishowe hakuuliza tena. Macho yalibaki kwa mlango mpaka muuguzi akaja akayafunga.

Siku ya mazishi watu walipanga mstari kurusha udongo. Omondi alisimama kwa ua, mikono mfukoni. Baba mdogo alimshika bega akamwambia akuje, mambo ya zamani yameisha. Alijibu tu, "Mzee alisema." Nilikuwa hapo karibu. Ningefungua mdomo, angekuja. Nikachukua udongo wangu, nikarusha, nikapanguza mikono.

Ile nyumba ya Bondo ameiacha bila milango. Mke wake aliogopa kulala ndani, akachukua watoto akaenda kwao. Omondi analala dukani katikati ya matairi, na amekonda. Watu wanasema ni yale maneno yanamfuata. Mimi najua anayemfuata ni mimi.

Na mimi pia sina raha. Darasani siwezi kuandika lile neno la daktari ubaoni, naanza halafu nalifuta, wanafunzi wanaangaliana. Nikisikia viatu nje ya mlango wangu, nasikia na lile swali la Baba. Nimeombewa kanisani, pasta ameweka mkono kichwani kwangu, na bado likaja, hapo hapo katikati ya maombi.

Mara nyingi Omondi ameniuliza kama Baba alimtaja. Huwa namwambia Baba alikuwa amelala. Nikimwambia ukweli, kwamba Baba alitaka kuyaondoa yale maneno, atapona roho yeye, halafu atajua dada yake ni mtu wa aina gani. Hiyo ndiyo bei, nami kila mara nimeshindwa kuilipa.

Wewe unayesoma, kama ndiwe mwenye kusoma kwenu, yule ambaye kila mtu anamgeukia daktari akimaliza kuongea, nakuomba. Lile neno libebe vile ulivyopewa. Usilipunguze, usilivalishe nguo nzuri, usijifanye unawaonea watu huruma. Na mgonjwa akikutuma, tumika, hata kama aliyeitwa si wewe.

Jumapili iliyopita nilisema basi, imetosha. Nikaenda Bondo. Njia yote nilipanga maneno, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo. Nikabisha mlango wa duka. Nilisikia viatu vyake vikija polepole, akafungua, akaniangalia, akatabasamu kidogo na ule uso wake, ambao siku hizi ni wa Baba kabisa.

"Isechopo?" akauliza. Umefika?

Nikamwambia nilikuwa napita tu.