Fundi wa Gesi na Wiski Iliyoanza Kunuka Gesi

Jua halijatoka vizuri, na fundi wa gesi amekaa kwenye meza ya chakula, macho ameyafumba, mbele yake kuna glasi nne za wiski. Mtu akichungulia dirishani sasa hivi ataondoka akisema nyumba hii imekwisha.

Mkewe, fundi cherehani ambaye bado ana sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, anazihamisha glasi moja moja ili mumewe asijue ipi ni ipi. Kisha anarudi nyuma na kukunja mikono.

Fundi anainua ya kwanza. Anainusa polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo. Anaiweka, anaichukua tena.

"Unasikia nini?" mkewe anamuuliza.

"Sisikii kitu."

Ya pili ni hivyo hivyo. Ya tatu inamfanya arudishe kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. "Gesi," anasema kwa sauti ya chini. Mkewe anainua glasi na kuangalia alama aliyoichora chini yake. Ni ile wiski yenye harufu ya asali, ambayo mumewe aliwahi kuipenda kuliko zote.

Ya nne haigusi. Hakuna anayekunywa hata tone. Mke anazifunika glasi kwa visahani, anazirudisha kabatini, anakwenda kuvaa viatu. Siku hizi mume haendi kazini bila mke, na hilo si wivu.

Mtaani wanamwita Pua. Ana miaka arobaini na sita, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza akipeleka mitungi ya gesi majumbani, akifunga majiko na kutafuta mahali gesi inapovuja. Vifaa vya kazi ni spana, mpira mpya wa kupitishia gesi na chupa ya maji ya sabuni, ambayo hupakwa kwenye maungio ili povu lioneshe penye tundu. Lakini kabla ya sabuni kuna pua. Fundi anayejua kazi yake huanza kusikia gesi akiwa bado mlangoni, hajavua hata kofia.

Mapenzi ya wiski yalimjia kwa bahati. Mteja mmoja aliyekuwa anahama alimwachia chupa mbili zilizobaki nusu, na yeye akazipeleka kwa rafiki yake kinyozi ili wazimalize Jumapili. Hawakuzimaliza. Walikaa jioni nzima wakishangaa jinsi vitu viwili vyenye jina moja vinavyoweza kutofautiana.

"Moja ilinukia zabibu kavu na ganda la chungwa," anakumbuka. "Nyingine ilinukia kamba iliyoungua moto. Nikamuuliza kinyozi, sasa hapa wiski ni ipi?"

Tangu hapo wawili hao wakawa wanachanga na kununua chupa ndogo ndogo. Mara moja kwa mwezi, kinyozi akishafunga duka, wanapanga glasi nyembamba kwenye meza ya mikasi na kuzilinganisha. Wanamimina kidogo tu, wananusa kwanza, wanadondosha maji ili harufu ifunguke, wananusa tena, kisha wanaonja na kutema kwenye ndoo. Walijifunza kwamba iliyonukia kamba ni ya shayiri iliyokaushwa kwa moshi, na kwamba pipa ililolala wiski ndilo linaloipa nusu ya ladha yake.

Watu walisema watakavyo. Mama mkwe wake alikaa mwaka mzima akimwombea aache ulevi, mpaka siku alipoiona ile ndoo ya kutemea. Hapo akabadilisha dua, akaanza kumwombea akili.

Balaa lilianza na mafua ya kawaida. Yalipoisha, chakula kilikosa ladha, na Pua akajiambia ni uchovu. Mwisho wa mwezi ulipofika alikwenda kwa kinyozi kama kawaida, akanusa glasi tatu, akaona giza tupu. Aibu ikamshika. Badala ya kusema ukweli akaanza kupiga maneno: hii ina moshi, hii ina ndizi iliyoiva sana, hii ya tatu nzito kidogo, pipa lake la zamani.

Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kwenye meza chupa moja.

"Kaka, zote tatu nimekumiminia kutoka chupa hii hii," akamwambia. "Tangu uingie hujalalamikia dawa ya nywele niliyoimwaga sakafuni. Nikajua kuna kitu."

Wiski haikuwatisha wote wawili. Kilichowatisha ni kwamba mwezi mzima Pua alikuwa akiingia jikoni kwa watu, akisimama mlangoni, akisema hapa pako salama. Kinyozi hakusubiri kuche. Alimsindikiza rafiki yake nyumbani na kumweleza mkewe, mbele ya Pua mwenyewe.

Kliniki nako kulikuwa na vituko vyake. Alipofika mapokezi alieleza kwamba ameacha kusikia, na akapangwa kwenye foleni ya wenye matatizo ya masikio. Alikaa pale akipayukiwa na muuguzi mwenye huruma, naye akijibu kwa sauti ya kawaida, hadi mgonjwa wa pembeni akaanza kumtilia shaka. Bahati nzuri daktari wa masikio ndiye huyo huyo wa pua.

Daktari alimwambia pua inaweza kurudi baada ya miezi, inaweza kurudi nusu, inaweza isirudi. Dawa ni kuifundisha upya: achague harufu chache anazozijua vizuri, azinuse kila siku, afikirie zilivyokuwa. Pua akafikiri kidogo, akauliza kama wiski inaruhusiwa. Daktari akamwangalia mke wa Pua, aliyekaa pembeni. Mkewe akasema inaruhusiwa, mradi asimeze.

Baada ya wiki kadhaa pua ikaanza kurudi, lakini ikarudi na uongo. Kahawa ilinuka gesi. Kitunguu kwenye mafuta kilinuka gesi. Ile wiski ya asali, aliyokuwa ameitunza kwa siku ya furaha, ilinuka gesi mpaka akatoka nje kutapika.

"Kutosikia kabisa kulikuwa afadhali," anasema. "Nilikuwa najua sisikii, basi napaka sabuni kila mahali. Sasa nasikia, na sijui kama ni kweli. Ukiishi na mtu mwongo ndani ya nyumba utamfukuza. Huyu nimfukuze vipi?"

Kazini hakusema neno. Ana watoto wawili shuleni, na mafundi vijana wanaozunguka kwenye duka la gesi analofanyia kazi, wakiulizia nafasi, si haba. Kila usiku alikuwa akizipitia akilini nyumba alizofunga mchana, jiko baada ya jiko, akijiuliza ni lipi aliliamini bure.

Ndipo akaitwa kwa bibi mmoja anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, kubadilisha mtungi. Alipounganisha tu mtungi mpya alisikia gesi. Akapaka sabuni kwenye kichwa cha mtungi, hakuna povu. Akapaka nyuma ya jiko, hakuna povu. Akamuuliza bibi kama anasikia harufu yoyote, na bibi akamjibu kwamba pua yake ilishazeeka pamoja naye. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha kahawa ya moto, iliyomiminwa kutoka kwenye chupa ya chai.

Pua akakitazama kile kikombe, akajisemea, ni wewe. Akachukua mtungi mtupu, akaaga, akateremka.

Chini, kwenye pikipiki ya kazi, alitia ufunguo, hakuuzungusha. Kila alipotaka kuondoka alijiambia ni kahawa, na kila alipojiambia ni kahawa alimwona bibi akiwasha kiberiti. Akaacha mtungi barabarani, akapanda ngazi akikimbia.

Bibi alikuwa anatafuta miwani ili awashe jiko.

"Umerudi kuchukua nini, mwanangu?"

"Nimesahau spana, bibi."

Alifungua dirisha, akavuta kabati. Pale mpira ulipopinda nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuwa amepagusa, sabuni ilichemka povu. Mpira ulikuwa umepasuka. Akafunga mtungi, akaweka mpira mpya, akafungulia gesi tena, akapaka sabuni kila mahali, akaaga kwa mara ya pili. Anasema alipofika kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza alikaa chini na kulia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mwenye duka, mama mkavu asiyejua utani saa za kazi, akamweleza yote pamoja na habari ya glasi nne. Yule mama alifunga daftari la mauzo.

"Mambo ya wiski usinieleze," akamwambia. "Nieleze mimi usiku nitalala vipi."

Uamuzi ukawa huu: Pua haingii nyumba ya mtu bila pua nyingine nzima. Duka haliwezi kulipa watu wawili kwa kazi ya mmoja, kwa hiyo mkewe ndiye anayepanda naye pikipiki, na vitambaa vya wateja wake vinarundikana juu ya cherehani. Mapato ya nyumba yamepungua karibu theluthi. Mwaka ukiisha pua haijapona, mwenye duka atatafuta fundi mwingine.

Mkewe hafichi kwamba anaogopa. "Nikifika jikoni kwa mtu nanusa mpaka kichwa kinauma," anasema. "Mimi ni fundi wa nguo. Nikikosea, lawama ni yake."

Yeye Pua anaendelea na glasi zake. Wiki iliyopita ile ya moshi ilimjia kwa mbali kidogo, kama ilivyokuwa zamani, kisha ikapotea. Hakumwambia mkewe mpaka jioni, kwa sababu hakuwa na uhakika kama ni wiski au ni hamu yake tu.

Anaulizwa pua ikipona atafungua chupa gani kwanza. Anatikisa kichwa. Anasema hilo analiachia kinyozi. Yeye kinachomkosesha raha ni yule bibi, ambaye hadi leo hajaambiwa kitu.

"Nilimwambia nimesahau spana," anasema. "Spana nilikuwa nimeishika mkononi. Aliiona, akaniangalia, hakuniuliza. Jumapili nakwenda kumwambia ukweli. Akitaka kunifukuza, anifukuze akijua kwa nini."

Mkewe, aliyekwisha kuvaa kofia ya pikipiki, anamuuliza kutoka mlangoni kama siku hiyo naye ajiandae.

"Hapana," Pua anamjibu. "Huko pua haihitajiki. Nitakwenda peke yangu."