Mboga ya Maziwa na Koo la Mpwa Wangu

Nimeishi Lodwar, Voi, Malaba na mahali pengine ambapo hata mimi sijui nilifuata nini. Kila nilikokwenda niliwachosha watu kwa kuwaeleza kwamba chakula cha kwetu hakina mfano. Kwa hiyo niliporudi Iguhu mwaka juzi, na begi moja na miaka arobaini na kitu, nilitarajia kula, si kusomeshwa.

Nyumbani nilimkuta mama yangu na binti wa dada yangu. Dada hufanya kazi Eldoret, na msichana, aliyekuwa kidato cha tatu shule ya kutwa, alikaa na nyanya yake. Mchana ule nilichinjiwa kuku. Nilimaliza ugali wangu, nikaongezwa, nikanawa mikono, na mpwa wangu alikuwa bado anapambana na kipande kimoja. Anatafuna, anakunywa maji, anatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha anatafuna tena.

"Ni madaha," mama alinieleza, msichana akiwa papo hapo. "Ameona wasichana wa mjini wakikulanga hivyo."

"Kukhu, inakwama," msichana alimwambia nyanya yake.

"Ugali haijawahi kukwama mtu kwa hii boma."

Ukoo wetu haujawahi kukosa madaktari, kinachokosekana ni vyeti tu. Shangazi mmoja alisema ni kimeo. Jirani alisema kuna mwenye jicho baya aliyemtazama msichana akila, na kwa bahati njema alimjua pia mama wa Lurambi anayenyonya mambo hayo kwa pembe.

Kabla hatujaenda kunyonywa, Jumapili moja nyama ikakwama kabisa. Hata mate yalikataa kushuka, akawa anayatema kwenye kikombe. Tulimkimbiza hospitali mjini Kakamega. Wakamwingiza kamera mdomoni, wakakitoa kile kipande, wakachukua na vinyama vidogo vya ndani kwenda kupima. Majibu yalipotoka daktari alisema ni aleji. Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeshindwa mtihani. Aleji kwetu ni kupiga chafya. Nani aliwahi kusikia ya kooni?

Daktari alieleza bila kuchoka. Njia ya chakula, umio, ilikuwa imevimba ndani na kuanza kuwa nyembamba, kwa sababu mwili ulikuwa ukigombana na vyakula fulani kila siku, polepole. Vijana wengi wa namna hiyo, alisema, huambiwa wanaringa. Mama akapata jambo la kutazama dirishani.

Msichana aache maziwa, mayai na ngano, na kwa sasa ale vitu laini. Baada ya wiki kadhaa wangechungulia tena. "Uvimbe usiposhuka," daktari alisema, "huenda tukalazimika kuupanua umio kwa kifaa."

Tulipotoka nje, msichana alinishika mkono wa shati. "Anko, watanipanua na nini?"

Nikamwambia sijui. Sidhani kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kutamka maneno hayo kuhusu ugonjwa.

Mama aliyatangaza masharti yale boma zima. Mayai yakaenda sokoni. Mandazi yakapigwa marufuku. Chai ya msichana ikawa turungi, chai isiyo na maziwa, na hiyo ilimuumiza mama kuliko ugonjwa wenyewe. Wageni walipofika, alimtuma msichana na kikombe chake jikoni, watu wasije wakadhani ng'ombe amekufa.

"Mjukuu wa mwenye ng'ombe anakunywa turungi," alinung'unika. "Kama tuko matanga."

Kamera ya pili ilikuta uvimbe palepale. Daktari akauliza msichana anakula nini. Mama akaapa kwamba hakuna tone la maziwa lililompita midomoni. Daktari akasema angetupa muda kidogo zaidi, lakini kifaa chake alikitaja tena.

Kesho yake mchana niliingia jikoni kujipakulia mboga. Kwetu saga, ile mboga ya majani machungu, haichemshwi leo ikaliwa leo. Inachemshwa, inamwagiwa maziwa, inalala, inapashwa, inamwagiwa mengine, mpaka siku ya tatu uchungu wake unaposalimu amri. Nilikuwa na kijiko mdomoni nilipoiona sahani ya mpwa wangu, imepakuliwa kutoka sufuria ileile.

"Mama, hii mboga ina nini?"

"Ina mboga."

"Na nini?"

"Chumvi."

"Na hii nyeupe?"

"Hiyo ni ya kulainisha. Daktari si alisema anataka kitu laini?"

"Mama, hiyo ni maziwa."

"Maziwa ni ile ya chai, baba. Hii imeshaiva na mboga, imekuwa mboga. Daktari alikataza maziwa. Kama alikataza mboga, nionyeshe ni saa ngapi."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. "Kukhu, mimi nilidhani unajua."

"Na mimi nilidhani daktari anajua kupika," mama alijibu. Lakini alikaa kwenye kigoda, akaiangalia ile sahani kwa muda mrefu. Alikuwa akimwongezea maziwa kila siku, koo lilivyozidi kukwama ndivyo alivyozidi kumwaga. Akainuka, akaibeba sufuria nzima hadi kwenye migomba, akaimwaga. Mimi mwenye kijiko sikuulizwa.

Tangu hapo saga inapikwa kwa munyu, yale maji ya majivu, basi. Ladha yake ni kwinini iliyoota majani. Nimependekeza sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya wazima, mama akaniambia hapa si nyumba ya wake wenza.

Kamera ya tatu ilikuta uvimbe umeshuka. Daktari alisema hatapanua chochote. Vyakula vitajaribiwa kimoja kimoja, ngano kwanza, na maziwa huenda yasirudi kamwe. Mama akauliza kwa upole kama maziwa lala, yale ya mgando, nayo ni maziwa. Daktari akasema ndiyo, mama, hata yakilala.

Nje ya lango la hospitali kulikuwa na mtu anayechoma mahindi. Msichana alinunua hindi zima, akaanza kula akitembea, bila chupa ya maji. Mama alitembea ubavuni mwake, macho yamemganda shingoni, akifuata kila tonge linavyoshuka.

"Kukhu, acha kuniangalia shingo," msichana alisema, mdomo umejaa. "Mimi si televisheni."

"Meza kwanza," mama alisema, "ndio uongee."

Akameza.