Tulivyomwangusha Mfumwa

Harufu ya tope linaloanza kukauka juani hunirudisha Mamba, kijijini kwetu mlimani, hata ninapopita tu kando ya mtaro hapa Same mjini. Ni harufu ya ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba wazee wetu juu ya kijiji ili maji ya kijito yajikusanye humo, kisha yafunguliwe asubuhi yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, na aliyeamua zamu alikuwa mtu mmoja tu: babu yangu mzaa baba.

Watu walimwita Mfumwa, yaani chifu kwa lugha yetu. Serikali iliondoa uchifu kabla baba yangu hajazaliwa, lakini nadhani hakuna aliyepanda mlima kumweleza babu. Baba yake alitawala, naye akaendelea. Kila asubuhi aliketi kwenye kiti chake cha turubai ukingoni mwa ndiva, na wanawake waliokuja kuomba maji walipiga magoti kwenye tope lile. Mwenye zamu alipaswa kumlimia shamba lake la tangawizi siku moja kila wiki. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mjukuu wake kipenzi. Nilikaa miguuni pake nikitafuna mahindi ya kuchoma aliyonipukuchulia kwa mkono wake mwenyewe, na nilidhani watu wale wanampigia magoti kwa sababu wanampenda kama nilivyompenda mimi.

Darasani niliketi dawati moja na Nakijwa, ambaye mama yake alikuwa mjane. Asubuhi moja ya kiangazi Mama Nakijwa alikuja ndiva akiwa na kitoto mgongoni, kinahema kwa homa.

"Shikamoo Mfumwa. Leo sitaweza kuja kulima, mtoto anaumwa. Nitakuja Alhamisi."

Babu hakuinua hata sauti. "Marahaba. Basi na maji nayo yatakuja yakipata nafasi."

Watu wazima waliokuwapo wakacheka. Nami nikacheka, maana niliona ni jambo la kuchekesha, maji kukosa nafasi. Mama Nakijwa akakipandisha vizuri kitoto mgongoni, akashuka.

Maharage yake yalikauka yakiwa bado na maua. Mwezi haukuisha, akawachukua watoto wake wakahamia kule bwawani Nyumba ya Mungu kwa kaka yake mvuvi. Nilichoona mimi ni kwamba dawati lilibaki langu peke yangu, na kwamba mwaka ule maharage yetu yalizaa sana, mpaka mama akawa anayapika na mahindi, na viazi, na ndizi, tukayachoka.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilikatika mapema. Ndiva ikawa haijai hata nusu, na babu akaelekeza maji yote kwenye tangawizi yake. Safari hii hakuchagua mjane wala mkwe. Maharage yetu nayo yakaanza kujikunja majani.

Mama yangu hakuwa mwanamke wa maneno. Sikuwahi kumwona akimtazama babu usoni. Lakini Jumamosi ile alijifunga khanga kiunoni, akachukua jembe, akapanda. Nyuma yake walipanda wanawake wa kijiji kizima, na sisi watoto tukakimbia nyuma yao kama tunaokwenda harusini.

"Baba, ondoka kwenye kiti," mama alisema. Hakutanguliza shikamoo.

"Wewe, mke wa mwanangu, unanisemesha umesimama?"

"Nimesimama."

Akampita. Akashuka hadi kwenye tundu la ndiva, akapiga jembe mara tatu, gogo lililoliziba likang'oka. Maji yakatoka kwa kishindo. Vigelegele vikapasua mlima. Mtu akakivuta kiti, babu akaanguka akakaa kwenye tope, na mikono yake miwili ikazama ndani. Nilimwona akimtafuta mama kwa macho.

"Nilipomfungia yule mjane," alisema, "zamu yake niliwagawia akina nani? Mlikuja hapa mkapiga magoti kunishukuru. Wewe ulikuwa wa kwanza."

Wachache sana walimsikia kwa zile kelele. Mama alikuwa akiosha jembe lake. Nilidhani mzee amechanganyikiwa.

Ikaundwa kamati ya maji, mama akawa mwenyekiti. Babu alibaki barazani kwake. Watu walipita pasipo kumwamkia, wakifanya makusudi, mpaka ikawa yeye ndiye anayewaanza watoto kwa salamu. Siku moja nilipita na wenzangu tukitoka shule.

"Hujambo, mjukuu wangu?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikaenda zangu. Wenzangu walinisifu. Alifariki kabla ya masika, na waliobeba jeneza hawakupata wa kuwapokea njiani.

Mwaka jana nilikwenda Nyumba ya Mungu kununua samaki wa ubarikio wa mwanangu. Mwanamke aliyekaa nyuma ya fungu la perege ndiye aliyenitambua kwanza. Nakijwa. Tulishikana mikono muda mrefu, nikamuuliza hali ya mama yake.

"Alishafariki," alisema. "Mlipomwangusha mzee, habari zilitufikia huku. Mama akafunga mizigo siku hiyohiyo. Akawa anangoja mtu wa kamati aje amwambie zamu yake imerudi."

"Alingoja mpaka lini?"

"Mpaka tulipoyahitaji yale magunia ya mizigo kuwekea samaki."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akinichagulia perege wakubwa.

Miaka yote nimewasimulia wanangu jinsi bibi yao alivyomng'oa Mfumwa kwa jembe, na sisemi uongo. Alithubutu kuliko wanaume wote wa kijiji kile. Lakini huwa naanzia siku maharage yetu yalipojikunja, kwa sababu hata sisi tulianzia hapo. Mjane alipofungiwa maji, tulikula. Na siku zote alizokuwa amekaa juu ya mizigo yake akingoja, orodha ya zamu alikuwa nayo mama yangu. Alijua walikokwenda. Hakumtuma mtu, maana maji yale yalikwisha kuwa yetu.