Nililitoa Dirisha la Chumba cha Mama

Jumapili, tarehe tisa mwezi wa pili. Tangu asubuhi mvua nyembamba iliyochanganyika na barafu, na upepo unaupigapiga mfuniko wa pipa la taka pale nje.

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijapata pa kujificha, maana najijua. Nikianza na habari nyingine nitafika mwisho wa karatasi sijasema kitu.

Mimi ni mwanamke wa Pemba, naishi London, upande wa Kilburn, miaka mingi sasa. Skuli niliishia darasa la nane, kwa hiyo mtakaosoma mnisamehe maandishi. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila siku napika uji na viazi vya kuponda vya mama za watu, na wangu mwenyewe nilikaribia kumuua. Jamani!

Nyumba yetu ina chumba chini ya ardhi, kama nyumba nyingi za zamani za huku. Unashuka ngazi saba, unakuta boila la kupashia maji, na zamani palikuwa na mabegi, baiskeli mbovu na unyevu. Mama alipobaki peke yake kwetu Wete, mimi na mume wangu, baba Nasra, tukakubaliana aje kukaa nasi. Juu kuna vyumba viwili tu, chetu na cha binti yetu Nasra. Tukasema chumba cha chini kitengenezwe, awe na pake na choo chake karibu, atawadhe bila kumsubiri mtu.

Tukamwita fundi mmoja mzee, Mhindi wa Kenton, London hii hii, aliyezaliwa Kisumu, ambaye ametengeneza nyumba za watu wetu wengi. Akaja na tochi na futi, akakaa kwenye ngazi, akachora kwa penseli. Kitanda hapa, choo pale, na upande wa barabarani dirisha kubwa, udongo wa nje uchimbwe mbele yake ili hewa iingie, na mtu aweze hata kutokea hapo ukizuka moto.

Dirisha lile ndilo lililonikera. Pale nje ni njia ya watu. Nilisimama mle ndani nikajaribu kuona: viatu vinapita, vinapita. Nikamfikiria mama ametoka kutawadha, kichwa wazi, na wanaume wanapita juu yake wakitazama chini. Mama yangu, ambaye kwake hata anayepiga hodi hajibiwi mpaka ajitande khanga kwanza. Nikaona hii si stara. Nikamwambia fundi dirisha alitoe kwenye ramani.

Fundi akaweka penseli sikioni. "Mama, hii chumba ni ya kulala ama ni ya stoo?"

"Kwani?"

"Kama mtu analala, dirisha lazima. Weka pazia, weka kioo ya ukungu, mimi nitakutafutia. Lakini bila dirisha hii ni stoo, na mimi nitaandika stoo."

Nikamwambia ni stoo.

Hapa nataka nisimdhulumu mtu. Fundi aliniuliza tena siku ya pili. Aliuliza na mara ya tatu mbele ya mume wangu, na mume wangu akanitazama mimi, kwa kuwa mama ni wangu. Nikasema stoo, na pa kufulia nguo. Kioo cha ukungu! Neno lile lilipita sikioni likatokea upande wa pili, kwa sababu nilishaamua. Yeye hakunidanganya, wala hakulipua kazi. Aliacha tundu la hewa karibu na dari, lenye wavu, na akatundika ukutani kidude cheupe mfano wa kisahani. Akanieleza vizuri kwamba hiki si cha moshi, hiki kinanusa hewa mbaya isiyo na harufu, kikilia tufungue milango tutoke nje. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesindikiza wageni.

Mama akaja mwezi wa kumi na moja. Tukamtandikia kitanda, tukamwekea mkeka wake na zulia. Alikipenda chumba. Alilalamika jambo moja tu, kwamba kile kitundu champulizia shingoni. Basi nikachukua kipande cha khanga kuukuu, nikakisokomeza kwenye tundu, nikabandika na utepe juu yake. Mikono yangu hii. Sikumtuma mtu.

Mnajua sisi na udi. Chumba kipya hatulali mpaka kifukizwe, na Ijumaa nguo za sala lazima zitiwe moshi. Mama alikuja na chetezo chake cha kufukizia toka Wete, amekizungushia mashuka ndani ya begi. Ijumaa ya kwanza nikamwashia kaa juu ya jiko la gesi, nikamshushia, akatia udi, akafunga mlango ili moshi usipotee. Hata robo saa haikutimia, kile kidude kikalia. Mlio mkali unaochoma meno.

Nilidhani ni kama kile cha jikoni kinachopiga kelele tukikaanga samaki. Sijui. Labda sikudhani, labda nilitaka tu kinyamaze. Fundi alishaniambia si cha moshi, na nilimsikia. Nikapanda kiti, nikatoa betri zote mbili, nikazitia kwenye droo ya vijiko. Nikamwambia mama ni moshi wake tu.

Akacheka. "Kumbe hata kuta za huku hazitaki kunukia."

Tukacheka sote.

Ikawa hivyo kila Ijumaa, na nikiwa kazini akijiwashia mwenyewe. Kaa moja, saa nyingine mawili kwa ajili ya baridi, mlango umefungwa, tundu limezibwa, kidude kimenyamaza. Wakati mwingine alipanda juu akasema kichwa chauma, nikampa chai ya tangawizi. Mimi ndiye niliyempa chai ya tangawizi!

Ijumaa tatu zilizopita nilirudi kazini saa kumi alasiri, giza limeshaanza kuingia. Nasra alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka skuli. Nikaita, mama hakujibu. Nikashuka. Mlango ulikuwa mzito kufunguka, maana ameziba chini kwa shuka, baridi isipite.

Alikuwa amelala ubavu juu ya zulia, na nguo zake za sala. Macho wazi. Midomo inacheza kama anayetaka kuniambia kitu, na sauti haipo. Mashavu yana wekundu ambao sijapata kumwona nao. Nikamshika chini ya makwapa nikavuta, na mimi mwenyewe magoti yakalegea, chumba kikazunguka. Ni Nasra aliyetushika wote wawili na kutupandisha, akafungua mlango wa mbele, akapiga simu.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja wawili. Yule mwanamume alipokanyaga ukumbini, kidude kidogo kilichoning'inia kwenye begi lake kikalia. Mlio uleule. Nikajua saa ile ile. Nilihisi kama mtu kaniita jina langu.

Akaniuliza kama chumba cha chini kina king'ora. Nikasema kipo. Kimelia? Nikasema mimi sikusikia kitu. Neno la kweli hilo, na bado ni uongo, maana betri nilizitoa mwenyewe.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hili ndilo ungamo lenyewe. Nasra alipanda gari na bibi yake. Mimi nikabaki nyuma, nikisema nakusanya dawa za mama na nguo. Nikafungua milango na madirisha, nikafungua droo ya vijiko. Nikashuka nimebana pumzi, nikarudisha betri, nikachomoa khanga kwenye tundu, nikaificha. Mama yangu yuko njiani, haijulikani kama atafika hai au maiti, na mimi nafuta alama!

Mama alikaa hospitali siku nne, na oksijeni usoni. Daktari hakuniambia ingekuwaje ningechelewa. Niliona tu alivyoandika saa niliyomkuta, akaipigia mstari.

Mtu wa gesi alikuja siku ya pili ya ile Ijumaa, akapima. Boila zima, tundu wazi, kidude kinafanya kazi. Akasema ni hewa ya makaa, ila anashangaa kwa nini hakikulia. Baba Nasra akashika hapo hapo: basi fundi katuwekea kibovu. Akaanza kuwaambia watu msikitini wasimpe kazi tena yule mzee. Nami nipo, nakunja nguo, nasikia.

Lakini kilichonitia hofu zaidi ni mama. Amerudi mkono wa kulia unatetemeka na swali moja huliuliza mara mbili. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali humwambia ni yeye na udi wake, kwamba uzee umemtia ujinga, kwamba anaomba toba asije kuhesabiwa amejiua. Akanipa chetezo nikitupe. Tangu arudi analala sebuleni, nami usiku nashuka kumwekea kiganja mbele ya pua nione kama anapumua. Kazini tanuri likilia chakula kimeiva, naacha bakuli linaanguka. Niliogopa asife. Na niliogopa akiwa mzima, siku atakayojua.

Leo baada ya adhuhuri nikashindwa. Nikawakalisha, nikachomoa zile betri kwenye kidude, nikatoa na kile kipande cha khanga, nikaviweka mezani, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa.

Baba Nasra hakupiga kelele, na kwa hilo namshukuru. Alitoka nje akampigia fundi simu kumwomba radhi. Nasra akalia. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba wiki ya kwanza aliniuliza kidude kile kimefanya nini, nikamwambia ashughulike na masomo. Ni kweli. Nilishasahau.

Mama alizisogeza betri kando. Akaishika ile khanga, akaikunjua.

"Wiki tatu naomba toba ya kosa lako," akasema.

"Naam, mama."

"Na chetezo changu umekitupa?"

"Kipo chini ya sinki."

"Kilete."

Nikakileta. Akakifuta vumbi na ile khanga, polepole. Kisha akanitazama.

"Miye nna miaka sabini na tisa. Nani huyo wa kuinama barabarani katika baridi hii kunitazama miye? Ungeniuliza, mwanangu. Kinywa ninacho."

Nikazizoa betri mezani, nikashuka kuzirudisha kwenye kidude.

Fundi atakuja Jumatano kuchora upya. Baba Nasra anasema mzee yule hakumlaumu, aliuliza tu kama safari hii ni ya kulala ama ya stoo. Mpaka dirisha litobolewe, mlango wa chini umefungwa na ufunguo anao mama.

Nyinyi mnaotengeneza vyumba vya chini muweke wazazi au wapangaji, msimfiche fundi atakayelala humo. Tundu la hewa likipuliza baridi, nunueni blanketi. Udi fukizeni uani, au madirisha wazi, na kaa msilale nalo wala msifunge nalo mlango. Na kidude kikilia, tafadhalini, msipande kiti. Tokeni. Na huyo mnayemtengenezea chumba, muulizeni anataka nini kabla hamjamwamulia. Mimi sina haki ya kumfundisha mtu, lakini hofu hii sitaki imfike mwingine.

Jioni tumekula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Samaki walipokuwa kikaangoni kile kidude cha jikoni kikalia, kama kawaida yake. Hakuna aliyekigusa. Nikazima jiko, tukatoka uani sote wanne na sahani zetu, mama na blanketi kichwani, tukala wima kwenye mvua mpaka kikanyamaza chenyewe.