Kinyozi Aliyeipa Katuni Kisogo

Watu husema kinyozi asiye na maneno ni kama chai isiyo na sukari: utainywa, lakini hutaisifu. Kinyozi huyu alikuwa wa namna hiyo. Mteja akiingia, aliitikia salamu, akakung'uta kitambaa, akamfunga shingoni, akauliza, "Kama kawaida?" Baada ya hapo iliyoongea ni mashine. Wapenda porojo walikwenda kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara, ambako siasa na mpira vilinyolewa pamoja na nywele. Waliokuja kwake walikuja kwa sababu mbili. Alikuwa na mkono mwepesi, na mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyejua kunyoa watoto kama yeye.

Ufundi wa watoto aliupata kwa bahati tu. Chumba chake kilikuwa chembamba kama behewa, na ukuta wa mbele wote ulikuwa kioo cha kujitazamia. Siku aliponunua televisheni hapakuwa na pa kuitundika ila ukuta wa nyuma. Mtoto akipandishwa kitini, juu ya kile kibao cha kumwinua, aliiona katuni ndani ya kioo, nyuma ya mgongo wa kinyozi. Akigeuza kichwa, haioni. Akiinama, haioni. Basi alitulia, shingo imenyooka kama mlingoti, huku nywele zikianguka. Hata wale waliosifika kwa kupiga mateke walikaa hivyo hivyo, mdomo wazi.

Yeye mwenyewe hakuitazama hata siku moja. Macho yake yalikuwa kwenye vichwa. "Kinyozi anayetazama televisheni," aliwahi kusema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba, "ni kinyozi anayekata masikio."

Wateja walicheka wakidhani ni utani. Sikio aliwahi kulikata kweli.

Ulevi ulikuwa umemwingia kwa mlango wa urafiki. Alikuwa kijana anayejifunza kazi, mwenye haya kiasi cha kushindwa kuomba maji ya kunywa. Wenzake watatu wa chumba alichojifunzia walikuwa wakifunga kazi wanazunguka nyuma ya ghala na chupa. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikataa. Siku ya tatu mmoja akamshika bega kwa upole. "Onja kidogo tu. Sote tumeonja, umebaki wewe." Hilo la mwisho ndilo lililomwangusha. Mwenye haya haogopi sumu kama anavyoogopa kubaki peke yake.

Alikunywa miaka kumi na mitano. Alioa akiwa anakunywa, akapata watoto wawili wa kiume akiwa anakunywa. Kisha usiku mmoja mkewe alimfungia mlango, akalala kizingitini, na asubuhi yake mkono uliokuwa unatetemeka ukachana sikio la mteja kwa wembe. Yule mtu alibana taulo sikioni, akamtazama kwenye kioo kwa muda, akatoka. Kinyozi hakuonja tena. Ilipita miaka miwili ndipo akazaliwa binti, kitinda mimba wao, wakamwita Kitinda tu. Kaka zake walijua yote. Yeye hakuambiwa kitu, na kadiri alivyokua ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia.

Sasa Kitinda alikuwa na miaka tisa. Mama yake alifua mashuka hospitalini na alitoka kazini jioni, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuja kwa baba yake, akavua viatu, akakunja miguu kwenye benchi la wanaosubiri na kutazama katuni mpaka mama apite kumchukua.

Jumanne moja mama wa duka la dawa alimleta mwanawe kunyolewa. Alimpandisha kitini, akakaa benchini kati ya Kitinda na dereva mstaafu, ambaye alikuja kila siku ingawa nywele zake zilikwisha zamani.

"Baba Kitinda," akaanza, "hizi katuni lakini unazijua?"

"Zinawatuliza."

"Ndiyo hatari yenyewe. Nimetumiwa ujumbe kwenye simu. Wanaficha mambo ndani. Ulevi, makundi mabaya. Mtoto anacheka, kumbe anafundishwa."

"Nani kakutumia?" dereva akauliza.

"Umesambaa sana huo ujumbe."

"Hata mafua husambaa sana. Mimi nilianza kunywa kabla televisheni haijafika mtaani kwetu. Nilifundishwa na nani, redio?"

"Wewe cheka tu. Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo, linatafutiwa nauli lije."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Lakini siku hiyo masikio yake, ambayo kwa miaka yalikuwa yakisikia katuni kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati, yalifunguka. Akiwa anamalizia nyuma ya sikio la mtoto wa mama wa duka la dawa, sauti nyembamba tamu ilitoka nyuma yake ukutani. "Onja kidogo tu. Sote tumeonja, umebaki wewe."

Mashine ilisimama hewani. Kwa muda alinusa ghala, alinusa ile chupa. Na kule benchini Kitinda akacheka.

Jioni, wakimngoja mama mlangoni, alimuuliza. "Mwanangu, ile katuni inahusu nini?"

"Ya kalunguyeye?"

"Ndiye nani huyo?"

"Kale kanyama kenye miiba, baba. Kalunguyeye ni mdogo. Sasa kuna kindi watatu, wanalamba matone ya bluu kwenye ua. Wakilamba wanaruka juu sana, wanacheka. Halafu wanamwita na yeye alambe."

"Na wewe unawapenda hao kindi?"

"Wanachekesha."

Usiku ule alimweleza mkewe aliyoyasikia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu husema, na yeye alilijua neno hilo kuliko waliolitunga. Kama kuna ugonjwa wa kushindwa kukataa, basi aliubeba, na huenda alikuwa amemrithisha mtoto, kisha akamwekea mwalimu wa kuukomaza, ukutani, kwa mkono wake mwenyewe.

"Izime basi," mkewe alimwambia.

"Watoto watakaaje kitini?"

"Basi itazame ujue kilichomo."

"Muda sina."

"Muda huna, au moyo huna?"

Angeweza kuinua macho kwenye kioo, au kugeuka tu. Hatua moja, shingo kidogo, akaona. Lakini mtu anayeogopa jibu hakosi kazi ya kufanya. Jumatano alipaka mashine mafuta, akafua vitambaa visivyokuwa vichafu, akanyoa vichwa kumi na viwili, na kila ile sauti nyembamba iliposema "onja" alihisi mtu anamshika bega. Kitinda aliendelea kucheka.

Alhamisi mchana kitini alikaa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Aliomba taarifa ya habari, katuni ikatolewa, Kitinda akanuna na kutoka nje na wenzake wawili wa shule. Kando ya chumba kulikuwa na kichochoro, na kwenye kichochoro kile kinyozi alikuwa na dirisha dogo la hewa, juu, lisiloonyesha chochote isipokuwa kipande cha mbingu. Alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa cha mwalimu, anahamia wa kushoto, aliposikia.

"Onja kidogo tu," ilisema sauti ya msichana. "Sote tumeonja, umebaki wewe."

Aligeukia televisheni kwa mara ya kwanza. Mtu aliyevaa tai alikuwa anasoma habari za barabara.

Nje mtu akapiga chafya, mara tatu mfululizo, kisha kicheko.

Kinyozi aliiweka mashine juu ya meza bila kuizima, ikabaki inazunguka na kunguruma kama mende aliyelala chali. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni mwalimu alipoita.

"Fundi, unakwenda wapi na nusu ya kichwa changu?"

Hakujibu. Mwalimu akainuka akamfuata, kitambaa kikipepea shingoni.

Kichochoroni walikuwa watatu. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, alishika kikopo kidogo cha bati, kile ambacho bibi yake alihifadhia ugoro. Wa pili alikuwa anafuta machozi na kamasi kwa mkono wa sare, pua nyekundu. Na Kitinda alikuwa chini, vumbini, amekunjamana, kichwa katikati ya magoti, mikono imeshika miguu. Hakutikisika.

Kinyozi alichuchumaa. "Kitinda. Kitinda, mwanangu."

Kichwa kikainuka polepole. Macho yalikuwa makavu. Pua ilikuwa safi. Alionekana kama mtu aliyekatizwa kazini.

"Baba, nimejikunja."

"Umefanya nini?"

"Nimejikunja. Kalunguyeye akijikunja hawamwezi. Wanasema weee, mpaka wanachoka wenyewe."

"Hukuonja?"

"Nionje nini, na wale kindi mikia inawakatika? Hujaona?"

"Sijaona."

"Kila siku inaonyeshwa, baba."

"Mimi husikia tu," akasema kinyozi.

Mwalimu alinyoosha mkono. "Lete hicho kikopo." Msichana mkubwa alikitoa, lakini macho yake yalipopanda juu na kukuta kichwa kimoja chenye watu wawili, upande huu upara, upande huu msitu, kicheko kilimtoka kabla ya machozi. Wote wakamfuata kucheka, hata mwenye pua nyekundu.

"Chekeni," mwalimu akasema. "Bibi yako nitamrudishia mwenyewe, leo hii, nikishakuwa na kichwa kizima. Utanipeleka, na utamweleza wewe. Sitaki kelele, nataka ukweli tu."

Walirudi ndani. Kinyozi aliizima mashine, akasimama katikati ya chumba asijue aanzie wapi.

"Mtoto akuonyeshe hiyo katuni," mwalimu akasema na kuketi. "Nusu kichwa haiozi."

Kitinda akachukua rimoti, akabonyeza anapopajua, katuni iliyohifadhiwa humo ikaanza. Na kinyozi, mgongo kwenye kioo, mikono imening'inia kando kama ya mtu aliyekwenda kupigwa picha, akatazama.

Maneno yalikuwa yale yale, matamu, laini. Lakini picha ilikuwa na yake ya kusema. Kila kindi alipolamba, mkia wake ulipungua unywele, na hakuna aliyeutaja. Walipokuwa wanasifu utamu wa matone, nyuma yao, pembeni kabisa mwa picha, kiota chao kilikuwa kinadondosha majani, moja moja, hakuna wa kuokota. Waliruka juu kweli, kama mtoto alivyosema, ila kila mara walishukia chini zaidi ya walipokuwa. Mwisho mkia wa mmoja ulikatika ukabaki umelala kwenye tawi, naye akaendelea kucheka bila kujua. Hapo ndipo Kitinda alipocheka, kicheko kile kile kilichomnyima baba yake usingizi siku mbili.

"Mjinga huyu," mtoto akasema. "Tazama, hajui."

Mama wa duka la dawa hakusema uongo. Kulikuwa na jambo lililofichwa. Limefichwa mahali ambapo mtu wa macho analiona na mtu wa masikio analikosa, na yeye kinyozi ndiye peke yake mtaani aliyekuwa na masikio tu.

Alikaa benchini. Kifua kilimshuka kama mzigo wa kuni unaposhushwa mlangoni, na kitu kikamtoka mdomoni ambacho mwalimu, mteja wake wa miaka sita, hakuwa amewahi kukisikia. Kinyozi alikuwa anacheka.

Alimalizia upande wa kushoto vizuri, mwalimu akatoka na yule msichana kwenda kwa bibi. Alasiri ile hakuna aliyeingia tena. Kinyozi alikaa karibu na mtoto, akatazama vidole vyake.

"Mimi nililamba," akasema.

"Matone?"

"Pombe. Miaka kumi na mitano. Hujazaliwa."

Kitinda alifikiri. "Ulikuwa kindi?"

"Nilikuwa kalunguyeye asiyejua kujikunja."

"Kaka wanajua?"

"Wanajua."

"Mama?"

"Mama aliwahi kunifungia mlango."

Mtoto alimwangalia kwa muda mrefu, kuanzia utosini mpaka viatuni, kana kwamba anatafuta kilichopungua. Hakukiona. "Mngeniambia," akasema, lakini bila hasira, akaegemeza kichwa chake ubavuni mwa baba yake.

Hivyo ndivyo mama alivyowakuta, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya kufulia, mkoba begani. Alisimama kizingitini. "Mbona mmekaa kama mko msibani?"

"Baba ameniambia," Kitinda akasema. "Za pombe. Na za mlango."

Mama akamtazama mumewe. Mumewe akaitikia kwa kichwa. Mama akavuta pumzi, akaweka mkoba chini, akakaa upande wa pili wa mtoto, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Amekuambia alivyokuwa anaongea na huo mlango?"

"Hapana."

"Usiku kucha. Anaubembeleza. Anauita shemeji."

"Mama Kitinda," kinyozi akasema.

"Ati shemeji, nifungulie, mimi si mtu mbaya. Shemeji, unanijua tangu zamani. Na mimi huku niko ndani na kaka zako, tumeziba midomo kwa shuka, tunalia na kucheka."

Kitinda alikuwa ameshakwisha kwa kicheko, amejishika tumbo. "Na mlango ulimjibu?"

"Haukumjibu," mama akasema. "Alipoona hata shemeji hamtaki, ndipo akaacha."