Mwalimu Kaa Chini na dada asiyekaa

Jua halijapanda, lakini ndani ya chumba hiki mtu angeapa kwamba ni saa saba mchana. Hita mbili za ukutani zinanguruma. Mwalimu, mwanamke mwembamba wa makamo, anapita kati ya mikeka akiwa na taulo begani, na uso wake ni wa mtu aliyeudhika kabla siku haijaanza.

"Baba, umevaa nini ndani ya hiyo fulana?" anamuuliza mwanamume mmoja mnene, mgeni.

Mwanamume anajikunyata. Chini ya fulana amejizungushia mfuko wa plastiki, ule mweusi wa kutilia taka, ili kitambi kiyeyuke haraka.

"Nenda kavue. Unataka kujipika?"

Darasa linacheka. Mwalimu hacheki. Hii si plastiki ya kwanza kuikuta humu, na wala haamini kwamba itakuwa ya mwisho.

Wanafunzi wamembandika jina la Mwalimu Kaa Chini. Anafundisha wanaoanza yoga ya joto, yaani kujinyoosha na kupumua ndani ya chumba kilichopashwa moto hadi karibu nyuzi arobaini. Maneno "kaa chini" huyatamka mara nyingi kuliko jina la mume wake.

"Kizunguzungu kikija, kaa chini. Moyo ukienda mbio, kaa chini. Usikimbilie nje, utaanguka mlangoni," anasema. "Sasa hilo nalo ni la kubembelezana? Watu wazima na akili zao!"

Ukimgusa hapo, umemgusa penyewe. Mmoja huja hajatia kitu mdomoni tangu jana, eti awe mwepesi. Mwenzake amefakamia wali, haujashuka hata kidogo, naye anataka kupinda mgongo. Maji hawanywi, kwa kuogopa kurudisha mwilini kile walichokuja kukitoa. Na mgeni yeyote akimwona jirani yake amegusa vidole vya miguu, basi naye lazima aguse.

"Joto linadanganya," anasema mwalimu. "Misuli ikipata moto inalainika, mtu anajivuta mpaka anajishangaa. Kesho yake hawezi kuvaa viatu. Halafu anasema yoga ni mbaya!"

Haya yote alijifunzia mwilini mwake. Alikuwa fundi cherehani kiwandani, ameinama mchana kutwa, mpaka mgongo ukagoma. Mfanyakazi mwenzake akamleta humu. Siku ya kwanza alitoka akiwa amebebwa, kwa kuwa aliona haya kukaa wakati wengine wamesimama. Haya hiyo ndiyo anayopambana nayo hadi leo.

Wengi wanamsikia, hata kwa kununa. Aliyemshinda kabisa ni mmoja tu, naye ni dada yake mkubwa.

Mama yao alifariki mwalimu akiwa bado ananyonya. Dada mtu akaacha shule, akamfunga mgongoni, akamlea mpaka akaolewa. Mwanamke huyo hajawahi kuambiwa kaa chini na mtu yeyote, sembuse na mtoto aliyemfulia nepi.

Asubuhi moja akatokea darasani bila taarifa, amebeba mkeka mpya, akautandika mbele kabisa, chini ya hita. Mwalimu alimsihi ahamie karibu na mlango, ambako wageni wote huwekwa. Dada akajitia hamnazo.

"Nikamuuliza polepole, 'Dada, dawa zako za presha unakunywa?'" anakumbuka mwalimu. "Akaniambia, 'Usinihoji mbele za watu, we mtoto. Mimi niko fiti.' Mwingine ningemtoa. Yeye ningeanzia wapi?"

Darasa likaanza. Haukupita muda mwalimu akaona midomo ya dada yake imepauka na magoti yanacheza. Akamwambia apumzike. "Endelea na kazi yako," dada akajibu, amekaza macho ukutani.

Roho ilimruka mwalimu. Angemshika mkono kwa nguvu, dada angemsukuma, na aibu ya kukaripiwa na mdogo wake ingemfanya asimame mpaka aanguke. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wanafunzi. Alikaa yeye.

"Jamani, leo mimi nimechoka," akasema, huku akinyoosha mkono na kuzima hita. "Naomba tukae wote. Tena mfungulieni mwalimu wenu mlango, apate hewa."

Mikeka yote ikakaliwa. Dada peke yake alibaki amesimama, akimtazama mdogo wake kwa hofu. Kisha naye akashuka chini, akajikokota hadi mbele, akamwekea mwalimu taulo bichi shingoni.

"Nilijua tu huli vizuri," akamwambia, mikono yake mwenyewe ikitetemeka.

Baada ya kupoa na kunywa maji, dada akakataa katakata kurudi nyumbani. Mtoto aende hospitali! Mwalimu hakubisha. Alimeza hasira zote, akaenda, akamwomba muuguzi ampime na dada pia "ili moyo wangu utulie". Presha ya mwalimu ilikuwa salama. Ya dada, muuguzi aliirudia kuipima, kisha akamwita daktari.

Dada alikuwa ameacha dawa miezi mingi nyuma kwa sababu alijisikia mzima. Daktari akamrudisha kwenye dawa, akampiga marufuku kuingia chumba cha joto. Mwalimu anasema aliingia chooni pale hospitalini akalia, nusu kwa hasira, nusu kwa kushukuru.

Mwanamume wa plastiki anarudi sasa, amenywea. Nyuma yake, mlangoni, kwenye kiti kirefu, ameketi mama mmoja mwenye kitenge na jagi la maji. Ndiye huyo dada. Hakuna mgeni anayempita bila kuhojiwa: amekula saa ngapi, ana mimba, anatumia dawa gani? Ukijibu kwa mkato unarudi kwenu.

Na kila anayemhoji humweleza kilichomleta. "Nipo kwa ajili ya mdogo wangu. Anaonekana hivyo, lakini si mzima sana. Alishawahi kuishiwa nguvu mbele ya darasa."

Mwalimu anasikia, anapandisha macho darini. "Mtaa mzima unanipa pole," anasema. "Wengine wananiletea na matunda!"

Anapanga kukodi chumba cha jirani, kisicho na hita, aanzishe darasa la taratibu kwa wale ambao madaktari wamewakataza joto. Dada amekwisha kuchagua pa kutandika mkeka wake. Karibu na mwalimu, ili amwangalie.

Je, atamwambia ukweli siku moja?

"Ili iweje? Anune, aache dawa?" Mwalimu anajifuta jasho. "Acha niwe mgonjwa. Dawa zake anakunywa mbele yangu kila asubuhi, eti ananifundisha kujitunza."

Kutoka mlangoni sauti inakata ngurumo ya hita. "We mtoto, umesimama sana! Kaa chini!"

Mwalimu anasonya. Kisha anakaa.